Analia kila akifungwa sataranji: nimrudishie ubao?

*"Mwanangu wa kiume ana miaka minane. Mjomba wake alimfundisha sataranji miezi michache iliyopita, na tangu hapo akitoka shule hataki kingine. Mwanzoni nilifurahi kwa sababu mwalimu wake aliniambia mchezo huo huongeza akili na alama za hesabu. Muhula umeisha, alama za hesabu ziko palepale. Isitoshe, akifungwa analia. Mara mbili amepindua ubao, na siku moja alificha kete ya mjomba wake. Mjomba humtania, mimi humwachia ashinde ili tulale kwa amani. Baba yake anasema mchezo unampotezea muda wa masomo na kumfundisha hasira. Wiki iliyopita niliuweka ubao juu ya kabati, na mtoto ananiomba kila siku. Je, nimrudishie? Kuna chochote cha maana anachojifunza, au afadhali acheze kwenye simu peke yake? Na mdogo wake wa kike, miaka minne, naye anataka kucheza. Ni mapema mno?"*

Mama, asante kwa kueleza kwa kina namna hii. Maswali yako ni mengi, ila naona wasiwasi ulio chini yake ni mmoja: je, muda anaoutumia mtoto mbele ya ubao unamjenga au unamharibu? Jibu langu ni kwamba umrudishie ubao, lakini msicheze tena kama mlivyokuwa mkicheza. Na lile tarajio la alama za hesabu naomba uliweke kando kabisa, kwa sababu limewafanya nyote mtafute faida mahali isipokuwepo na kuipita ile iliyopo.

Mwalimu hakuyatunga hayo aliyokuambia. Imani kwamba sataranji hunoa akili kwa jumla imeenea duniani kote, na Armenia ililifanya kuwa somo la lazima kwa madarasa ya mwanzo ya shule ya msingi mwaka 2011. Lakini Uingereza waliamua kulipima jambo hili kwa uangalifu. Walichukua shule 100 zenye watoto zaidi ya 4,000 wa umri wa miaka 9 hadi 10, wakazigawa kwa bahati nasibu: baadhi zikapewa takriban saa 30 za masomo ya sataranji katika mwaka mmoja wa shule, nyingine zikaendelea kama kawaida. Mwaka mmoja baada ya masomo hayo kwisha, watoto walipimwa hesabu, kusoma na sayansi. Ripoti ilitoka mwaka 2016, na haikuonyesha tofauti yoyote baina ya waliofundishwa na wasiofundishwa. Mwaka huohuo watafiti Giovanni Sala na Fernand Gobet walipitia tafiti zilizotangulia, zile zilizotoa matokeo ya kupendeza. Wakaona kwamba nyingi zilikuwa zimewalinganisha watoto waliofundishwa sataranji na watoto ambao hawakupewa shughuli yoyote mpya. Mtoto akiletewa mwalimu mpya, mchezo mpya na msisimko mpya, huchangamka kwa muda, awe amefundishwa sataranji au kitu kingine chochote.

Kwa hiyo kama alama zake hazijapanda, hakuna kilichoharibika. Hakuna aliyekosea kufundisha, wala mtoto hana upungufu.

Ukielewa kwa nini iko hivyo, utaelewa pia kile anachojifunza hasa. Mwaka 1973 William Chase na Herbert Simon, watafiti wa Marekani, waliwaonyesha wachezaji ubao wa sataranji kwa sekunde chache tu, kisha wakawataka wapange kete upya kwa kumbukumbu. Kete zilipokuwa zimetoka kwenye mchezo wa kweli, bingwa alizirudisha nyingi, na anayejifunza alikumbuka chache. Zilipotawanywa ovyo ubaoni, ubingwa ule ulipotea na bingwa akawa karibu sawa na mwanafunzi. Miaka mitano baadaye mtafiti Michelene Chi alifanya jaribio la namna hiyo kwa watoto wa takriban miaka 10 waliozoea sataranji, akawalinganisha na watu wazima wasioujua vizuri mchezo huo. Watoto waliwashinda watu wazima kukumbuka ubao. Walipoambiwa wakumbuke mfululizo wa tarakimu, watu wazima wakawashinda watoto.

Umeona, Mama? Sataranji haikuwa imewakuzia watoto wale kumbukumbu ya kila kitu. Iliwajaza maumbo ya sataranji. Ubongo hujifunza kile unachokifanyia mazoezi, na kukihamishia kwenye jambo lisilofanana nacho ni kazi nyingine inayojitegemea. Kwa hiyo swali la kuuliza kuhusu mchezo wowote ni hili: mtoto anafanya mazoezi ya nini humu ndani?

Mtazame siku moja bila kusema neno. Farasi wake anaweza kula askari wa mjomba, na macho yamekwishang'aa. Mkono unatoka, unafika juu ya farasi. Katika miezi ya kwanza ya kujifunza, mtoto atakula palepale, na hapo ndipo atakapogundua kwamba farasi yule alikuwa akimlinda malkia wake. Ukiendelea kumtazama, itafika siku ambayo mkono utafika juu ya farasi, ukae hewani kidogo, kisha urudi mapajani. Hakuna atakayempigia makofi, na mara nyingi watu wa nyumbani hawaoni hata kilichotokea. Lakini kwa mtoto wa miaka minane, kuzuia mkono usifanye kile ambacho macho yamekwishakitamani ni kazi nzito. Sehemu ya mbele ya ubongo inayosimamia breki hizo huendelea kukomaa hadi mtu anapopita miaka 20. Michezo ya mikakati inamdai mtoto breki hizo tena na tena, kwa muda mfupi mfupi, katika jambo analolitaka mwenyewe. Sijui mahali pengi ambapo mtoto hudaiwa hivyo kwa hiari yake.

Jambo la pili naliona kubwa zaidi. Mchezaji mchanga hucheza kana kwamba yuko peke yake: anapanga hatua tatu nzuri, na katika mpango wake mpinzani hafanyi lolote. Kwenye drafti hili hujitokeza waziwazi kwa sababu kula ni lazima. Anayejua mchezo anakulisha kete moja, unaila kwa furaha, naye anakula mbili au tatu na kufika mwisho wa ubao. Mtoto akishatendewa hivyo mara kadhaa, siku moja kete ya bure ikiletwa mbele yake anainua uso na kumtazama mpinzani, akijiuliza: "Kwa nini ananipa?" Swali hilo lina maana kubwa. Kufikia miaka minne au mitano watoto wengi huwa wameshaelewa kwamba mtu mwingine anaweza kuamini kitu ambacho si kweli. Kuelewa ngazi inayofuata, yaani "yeye anadhani kwamba mimi nadhani", huja polepole baadaye, mara nyingi kati ya miaka sita na minane na kuendelea. Mwanao yuko katika umri huohuo, na ubao unampa nafasi ya kulitumia wazo hilo kila zamu.

Michezo haifanani, na ni vizuri ujue hivyo kabla ya kudhani sataranji ndiyo pekee. Bao la Kiswahili lina mashimo 32 katika safu nne, na kete 64. Mchezaji anapochota kete ili azisambaze, inabidi awe ameshahesabu kichwani ya mwisho itaangukia shimo gani na kama hapo atakula au atalala. Hapo kuna hesabu na kumbukumbu ya papo kwa papo, na akikosea mkono wenyewe unamwonyesha. Kwenye ludo au nyoka na ngazi, dadu ndiyo inayoamua mengi, basi mtoto anajifunza zaidi kusubiri zamu na kuvumilia bahati mbaya. Kama mwanao amechoka na sataranji kwa wiki mbili, drafti au bao vitamfanyia kazi ileile kwa njia nyingine.

Haya, tuje kwenye machozi, kwa sababu naona ndiyo yaliyokufanya uandike.

Baba yake anasema mchezo unamfundisha hasira. Kwa heshima zote kwake, nadhani mchezo unaonyesha tu kwamba bado hajajua afanye nini na hasira aliyo nayo tayari, na ni heri jambo hilo lionekane hapo mezani, ambapo hakuna anayeumia. Sataranji inauma kuliko ludo kwa sababu haina dadu ya kulaumiwa. Kete zote zilikuwa wazi, kila hatua aliichagua yeye. Mtoto wa umri huu bado hajatenganisha "nimefungwa" na "mimi mjinga". Tena mbele yake amekaa mtu mzima anayempenda, na mtu huyo anacheka.

Ndiyo maana naanza na mjomba. Mzungumze naye faragha, kwa upole, kwa sababu ndiye aliyemfungulia mtoto mlango huu na anastahili shukrani. Utani wa wakubwa wanaolingana ni mtamu, lakini mtoto aliyefungwa dakika hii hawezi kuutofautisha na dharau. Mwombe ashinde kimya kimya, ampe mkono mtoto, na amtajie hatua moja tu iliyompa shida: "Pale uliposogeza ngome, nilihangaika." Iwe hatua ya kweli. Watoto wanaijua sifa ya uongo upesi kuliko tunavyofikiri.

Pili, Mama, uache kumwachia ashinde. Najua unafanya hivyo kwa huruma. Lakini mtoto akishagundua, na atagundua, ushindi wake wote utaingia shaka, hata ule wa haki. Kuna njia ya wazi ya kusawazisha nguvu: wewe au mjomba mwanze bila malkia, au kwenye drafti uanze na kete tisa dhidi ya zake 12, na mtoto ajue hivyo tangu mwanzo. Akianza kushinda mara kwa mara, rudisha kete moja. Nyingine ninayoipenda zaidi ni kugeuza ubao: katikati ya mchezo, mtoto akiwa amezidiwa, mnabadilishana pande. Sasa anayashika majeshi yako yenye nguvu, na wewe unahangaika na shida aliyoiacha. Anajifunza kwamba hali mbaya ni ya ubao, haimhusu yeye kama mtu, na anakuona mtu mzima akipambana ndani ya hali hiyohiyo bila kulia.

Tatu, fupisheni mchezo. Sataranji nzima inaweza kuchukua saa nzima, na kuipoteza baada ya saa nzima kunachoma. Wapangie wafalme na askari tu, anayefikisha askari wake upande wa pili kwanza ndiye mshindi. Unaisha upesi, na jioni moja inaweza kubeba michezo kadhaa. Mtoto anayefungwa mara mbili na kushinda mara moja jioni hiyohiyo anaona kwa macho yake kwamba kufungwa kuna mwisho.

Kabla ya kuanza, mkubaliane maneno na matendo ya anayefungwa, na muyafanye nyote, wakubwa kwa wadogo: kupeana mkono, kupanga kete mahali pake, kisha anayetaka kwenda kunywa maji au kukaa peke yake aende. Machozi yaruhusiwe, kupindua ubao kusiruhusiwe. Akipindua, mchezo wa siku hiyo umekwisha, bila mahubiri, na kesho ubao unarudi mezani. Hapo ndipo ninapotofautiana na kabati. Ubao ukifichwa kwa wiki nzima, mtoto anajifunza kwamba hasira ilimnyang'anya kitu. Hajapata nafasi hata moja ya kufungwa vizuri.

Wakati analia, usimwambie "ni mchezo tu". Kwake si mchezo tu, na ukisema hivyo unamwambia kwamba humwoni. Sema kile unachokiona: "Uliutaka sana ushindi huu." Kisha nyamaza. Kuchambua makosa kusubiri kesho, na hata kesho iwe hatua moja tu.

Kuhusu kete iliyofichwa, lisikutie hofu. Jean Piaget, mwanasaikolojia wa Uswisi aliyechapisha mwaka 1932 kazi yake kuhusu watoto wa Uswisi waliokuwa wakicheza gololi, aliona kwamba watoto wadogo huichukulia sheria kama kitu kilichoshuka kutoka kwa wakubwa, huku wakiivunja bila hata kutambua. Baadaye sana, karibu na miaka 10 na kuendelea, ndipo wanaielewa kama mapatano baina ya wachezaji, ambayo bila hayo mchezo wenyewe haupo. Mwanao yuko njiani. Usimwite mwizi. Mwulize: "Tukicheza mimi nikiwa naweza kuficha kete zako, utataka kuendelea?" Mwache ajibu mwenyewe. Na kama anataka kutunga sheria yake, mkubaliane kabla ya kete ya kwanza kusogea, kisha imfunge yeye pia.

Sasa, je, breki zile na kule kuona kwa macho ya mwenzake vitatoka ubaoni viingie maishani? Havihami vyenyewe, nisikudanganye. Vinapata nafasi nzuri zaidi pale mtu mzima anapovitaja kwa maneno yaleyale katika mambo mengine. Nyumbani chagueni maswali mawili ya mchezoni, mathalani "Umeangalia ubao mzima?" na "Yeye atajibu nini?" La kwanza litumie anapokimbilia kujibu swali la mgawanyo kabla ya kulimaliza kulisoma. La pili litumie anapopanga kumrudishia mwenzake neno baya. Usitarajie muujiza wa wiki. Mara nyingi dalili ya kwanza ni mtoto kukuuliza wewe swali hilo ukiwa umekasirika.

Baba yake yuko sahihi kwenye jambo moja: muda. Mchezo unaokula usingizi, kazi za shule na kukimbia nje na wenzake umezidi, hata ungekuwa mzuri vipi. Wekeni saa ya kumaliza, si ya kuanza tu. Mchezo usipoisha, mpigie ubao picha kwa simu, muendelee kesho hapo mlipoishia. Na ningependa baba naye akae mezani mara moja kwa wiki, kama hajui mchezo ni bora zaidi: mtoto amfundishe. Mtoto akilazimika kueleza kwa nini hatua fulani ni mbaya, anagundua alichokuwa akikifanya bila kukielewa.

Mchezo wa simu sikatai, ila usichukue nafasi ya mtu. Kwenye simu kuna kitufe cha kurudisha hatua, na mtoto anakizoea haraka: anajaribu, anafuta, anajaribu tena, wala hapangi kichwani. Hakuna uso wa kuusoma, hakuna mkono wa kupeana. Kama lazima, mpe mafumbo ya hatua chache kwa muda mfupi, zima kurudisha hatua kama programu inaruhusu, na asicheze na watu msiowajua wala kuandikiana nao.

Binti wa miaka minne asilazimishwe sataranji. Mpe kete aziguse na azipange kwa rangi, ajue farasi anaitwa farasi, inatosha. Lakini kwa umri wake kuna mchezo mwingine wenye faida iliyopimwa vizuri, tena ya hesabu. Mwaka 2008 watafiti Geetha Ramani na Robert Siegler walichapisha majaribio na watoto wa chekechea kutoka familia zenye kipato cha chini. Walitumia ubao wa visanduku vilivyopangwa mstari mmoja, 1 hadi 10, mtoto akisogeza kete nafasi moja au mbili. Baada ya vikao vinne vya takriban robo saa, katika wiki mbili, watoto walikuwa wameboreka katika kuhesabu, kutambua tarakimu na kujua ipi kubwa, na wiki tisa baadaye maendeleo hayo yalikuwa bado yapo. Waliocheza ubao wa namna hiyohiyo wenye rangi bila namba hawakupata hayo. Mchoree mwenyewe kwenye karatasi. Siri iko kwenye kuhesabu: akiwa kwenye 5 akapata 2, aseme "sita, saba", asiseme "moja, mbili". Kaka yake anaweza kuwa mwalimu wake, na humo atafanya mazoezi ya kufungwa na mtoto mdogo kwa bahati tu, jambo ambalo litampa kazi ya kutosha.

Mwisho, nisingependa ubaki nyumbani na jambo linalohitaji kuonwa ana kwa ana. Kulia na kupindua ubao mara chache kwa mtoto wa miaka minane ni kawaida. Lakini tafuta miadi na mshauri wa watoto, mwanasaikolojia, au uanze na daktari wa watoto, kama hasira zinatokea kila mahali, shuleni na mezani wakati wa kula, na si kwenye mchezo peke yake. Kama anajiumiza au kuumiza wengine. Kama baada ya kufungwa anabaki na huzuni kwa saa nyingi, halali, au anasema maneno kama "mimi sifai" na "afadhali nisiwepo". Maneno hayo ya mwisho usiyasubirishe hata siku moja. Halikadhalika, kama mtoto anayeona hatua tatu mbele kwenye sataranji anashindwa kabisa na namba za darasani ambazo wenzake wanaziweza, mwombe mwalimu akuonyeshe madaftari yake na makosa yenyewe, kisha muulizie kama anaweza kupimwa ugumu mahususi wa kujifunza hesabu. Nenda na daftari la hesabu pamoja na maelezo ya lini na wapi anakwama. Vitamsaidia mtaalamu kuliko alama za muhula.